Msumari wa Kumi na Tatu

Jumamosi ya pili Muturi hakuja tena, na Ndila akaendesha kipindi cha saa tatu kana kwamba hakuna mtu anayekosekana duniani.

"Inua. Shusha. Mgongo wima, Mama Musyoka! Huo mtungi unaoinua una maji ndani, usiubebe kama umebeba hewa."

Wanawake kumi na wawili wakacheka bila kuacha mwendo. Ukumbi wa Migwani ulikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la nguo, chenye sakafu ya saruji nyekundu na madirisha mawili makubwa. Kando ya mlango palikuwa na misumari kumi na miwili iliyopigwa kwa mstari, na juu ya kila msumari kiondo cha mwenyewe. Huo ndio ulikuwa mtindo wa Ndila katika kumbi zake zote tatu, Tulia, Migwani na Kitui mjini. Kipindi kimoja, wanawake kumi na wawili, hata aje mke wa nani. Msumari wa mtu ukikaa mtupu mara mbili, mwalimu haandiki barua wala hatumi salamu. Anafunga kamba za viatu, anakwenda mpaka mlangoni kwa mwenyewe na kuuliza, "Kuna nini, dada?"

Hakuitoa mbali sheria hiyo. Mama yake alikuwa mtu wa mwethya, vile vikundi vya wanawake wanaochimbiana matuta shambani kwa zamu, na katika mwethya mtu akipotea mara mbili wenzake humwendea nyumbani na majembe yao begani. Wakimkuta mgonjwa, wanamlimia. Wakimkuta mvivu, basi, anajua mwenyewe atawaambia nini.

Msumari wa kumi na tatu ulikuwa peke yake, upande wa pili wa mlango, juu kidogo kuliko mingine. Ulikuwa wa kofia ya Muturi, na leo haukuwa na kitu.

Kipindi kilipokwisha, wanawake wakawa wanavaa leso zao na kuchukua viondo. Ndinda, mwalimu msaidizi, msichana ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo, akabaki akizungusha waya wa redio kaseti mkononi.

"Mwalimu, naweza kusema kitu?"

"Hapana."

"Ni kidogo tu."

"Ndinda, kunja mikeka."

"Nakunja. Lakini ule msumari wa huko, hii ni Jumamosi ya pili."

Mama Musyoka, aliyekuwa amefika mlangoni, akasimama. Na wengine wakasimama. Ndila akajipangusa uso kwa taulo muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

"Yule si mwanachama," akasema.

"Ana msumari," akajibu Mama Musyoka. "Mimi nilipokosa mara mbili ulinijia mpaka kule kwangu, jua kali, ukanikuta nimelala na mguu umefura. Ulisema, mwenye msumari anatafutwa. Ama ni sisi tu?"

"Mama Musyoka, hayo ni mambo ya nyumbani."

"Hata mguu wangu ulikuwa wa nyumbani."

Ndila akainama akaanza kukunja mkeka mwenyewe. Mwanamke huyu wa miaka thelathini na mitano, ambaye jina lake lilikuwa limechorwa kwa rangi ya buluu kwenye mlango wa pikapu yake, na chini ya jina neno MKURUGENZI, alikuwa amejibu mameneja wa benki na wachungaji wa kila namna. Alipoacha kazi ya kufundisha michezo katika shule ya wasichana, mwaka wa themanini na sita, watu wa Tulia walimcheka wazi. Wanawake wa Ukambani wanabeba maji maili tano, walisema, nani atalipa ili atoe jasho? Yeye akawaambia, "Ni kweli wanabeba. Lakini nani aliwahi kuwauliza habari za mgongo?" Basi akaanza kuwafundisha kuinama, kuinua, kunyooka na kupumua, kwa mwendo ule ule wa kuchimba matuta, na mwaka huo wa tisini na tatu alikuwa na kumbi tatu, walimu wanane, na ukumbi wa nne kule mji wa Wote ukipakwa rangi. Haya yote aliyaweza. La kumwendea mwanaume mlangoni, hilo lilimshinda.

*

Yeye na Muturi walikutana kwa ajili ya misumari. Ndila alikuwa akitoka Nairobi na mikeka mipya ya ukumbi wa Migwani, akaamua kupitia mji wa Wote kutazama chumba, na njiani, kwenye soko la Salama, akaona duka la vifaa vya ujenzi lililoandikwa juu ya mlango, Evanson na Mwana. Akaingia. Nyuma ya kaunta alisimama mwanaume mrefu mwenye kofia ya kahawia, macho ya upole, penseli sikioni.

"Nataka misumari kumi na miwili ya inchi tatu."

"Misumari tunauza na kilo, madam."

"Mimi nataka kumi na miwili."

"Hakuna mtu ananunua misumari kumi na miwili."

"Mimi ni mtu."

Mwanaume yule alimtazama, kisha akaanza kucheka polepole, cheko la mtu ambaye hakucheka wiki nzima. Akamhesabia mmoja mmoja juu ya kaunta. Alipofika kumi na miwili akaongeza mwingine.

"Huu ni wa nini?"

"Ni wa yule aliyekuuzia," alisema Muturi. "Siku moja nitapita huko nione kama unashikilia."

Alipita. Jumamosi moja, halafu nyingine, mpaka ikawa Jumamosi bila Muturi si Jumamosi. Alikuja na gari lake la kubebea saruji, akavua kofia na kuiangika, akakaa nje kwenye benchi na gazeti mpaka kipindi kiishe, ndipo wakaenda kunywa chai. Hakuwahi kumwuliza ataacha lini kazi hiyo. Wanaume watatu kabla yake waliuliza, na wote watatu walionyeshwa njia ya kutokea. Mwaka mzima ulipita hivyo. Siku Muturi alipomwambia, "Ndila, nimechoka kukaa kwa benchi, nataka kukaa kwako," moyo ulimwenda mbio kama msichana wa shule, na akasema ndiyo kabla chai haijapoa.

Kisha ikaja ile siku ya mbuzi.

Watu wa Salama walifika nyumbani kwa wazazi wa Ndila, Migwani, saa tano, wazee wanne, Muturi, na mama yake Wariara, mjane mwembamba aliyevaa koti jeusi. Walileta kondoo jike mmoja na mbuzi jike mmoja, wote wachanga na safi kabisa. Mzee Nzomo, baba yake Ndila, mzee wa kanisa aliyesubiri siku hiyo mpaka mvi zikamwingia kwenye nyusi, aliwapokea kwa furaha kubwa. Kondoo alimshangaza kidogo, lakini mgeni hahojiwi zawadi yake. Ntheo, ile posa ya Wakamba, ni mbuzi, na mbuzi alikuwepo. Akachinjwa, nyama ikawekwa motoni. Na kabla haijaiva, Wariara alisimama, akafunga vifungo vya koti lake vyote, akasema, "Twendeni." Muturi alisimama akamtazama mama yake, akamtazama Ndila, uso umemshuka. Alikuwa ndiye dereva. Akawapeleka.

Nyama ya ntheo ikaliwa na upande mmoja tu. Kwa Wakamba hilo halihitaji maelezo. Aliyeinuka kabla ya kula amemkataa bibi harusi.

*

Mchana huo wa Jumamosi ya pili, Ndila alipofika nyumbani kwa wazazi wake, baba yake alikuwa amemfunga yule kondoo kwenye nguzo ya ghala.

"Jumatatu umrudishe," alisema Nzomo.

"Baba, ngoja kidogo."

"Nimengoja wiki mbili. Cha watu hakikai kwangu wakati wao wamenikataa. Utampatia yule mama kamba mkononi, umwambie asante. Kamba akiishika, hayo maneno yameisha, na hakuna mtu wa hii boma atayasema tena."

"Kwa nini mimi? Si utume mtu?"

Mzee alimtazama binti yake, sauti ikalainika. "Kwa sababu ukienda wewe, utarudi umemaliza. Nikituma mtu, utakaa ukifikiria miaka kumi. Nakujua, mama."

Baba yake alimwita mama pale tu alipokuwa na huruma naye. Ndila alitoka akaenda nyuma ya jiko akalia kimya, haraka haraka, akanawa uso.

Jumatatu asubuhi alipakia kondoo kwenye pikapu, akamfunga vizuri asije akaumia kwenye mashimo. Kaluki, mama yake, akaja na kiondo kilichofungwa kitambaa juu, akakiweka kwenye kiti cha mbele.

"Na hii."

"Ni nini, mwaitu?"

"Nyama ya wageni. Fungu lao. Baba yako aligawa kabla yule mama hajaondoka, na fungu la mgeni haliliwi na mtu mwingine. Sikuwa na mahali pa kuliweka, nikalitia chumvi nikalikausha juu ya moto." Akafunga mlango wa gari. "Baba yako amesema urudishe chao. Nami narudisha chao. Kama hawaitaki, waseme na mdomo wao."

*

Njia ni ndefu kutoka Migwani mpaka Salama, na mwenye moyo mzito huiona ndefu zaidi. Ndila alipita Kitui, akapita Machakos, akaingia barabara ya Mombasa na malori yake. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, ile ya kwenda benki, kwa kuwa hakutaka kuachwa akiwa na treksuti. Mara tatu alisimama kumtazama kondoo. Mara ya tatu alimwambia, "Wewe ndiye una bahati, unarudi kwa Muturi." Kisha akajionea haya.

Alijikaza kisabuni. Akifika atampa kamba, atasema asante, atageuza gari. Maneno mengine yote aliyokuwa akiyapanga usiku aliyaacha Machakos.

Saa saba alisimama mbele ya duka. Gari la saruji halikuwepo. Ndani, nyuma ya kaunta, Wariara alikuwa amekaa peke yake kwenye kiti cha mbao, Biblia wazi karibu na mzani, miwani puani. Alipoona ni nani, aliivua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Muturi amepeleka simiti kwa mtu. Atarudi saa nane hivi."

"Sikuja kwa Muturi. Nimetumwa kwako. Nimekuletea kondoo."

Wariara alinyoosha shingo, akamwona yule kondoo akichungulia nje ya pikapu. Uso wake ukabadilika. Ndila alitarajia hasira au furaha ya mtu aliyeshinda. Aliona uchungu.

"Huyo mmoja mmemwacha hai," mama akasema polepole. "Mwenzake mkakata."

"Tulimchinja, ndiyo. Mbele yenu."

"Mbele yangu! Hata hamkungoja niende!" Mama akaweka mikono juu ya Biblia. "Msichana, mimi nimekaa na Wakamba karibu miaka thelathini. Wamenizikia bwana. Sina ubaya na wao. Lakini kitu kama hicho sijawahi kufanyiwa. Kama hamtaki mtoto wangu, si mngesema na maneno?"

Ndila alisimama pale na funguo za gari mkononi. Aliona kuna kitu hakiko sawa, kama anavyoona mtu anayeinua mzigo kwa mgongo badala ya miguu.

"Mama, hebu niambie. Kuchinja yule mbuzi, ulielewa ni nini?"

"Ni nini tena? Hao wawili hawachinjwi! Ni wasichana, hawajazaa. Kwetu Wakikuyu tunawapeleka kwa baba ya msichana awafuge, wazae, waongezeke. Ndiyo kusema hata hiyo nyumba itakuwa na watoto. Nimekaa hapo chini ya kivuli na koti langu, naambiwa tungoje chakula. Nasikia mbuzi inalia. Nageuka, ni yangu. Nikasema, hawa watu wamenijibu. Wamechinja wajukuu wangu."

Ndila akavuta gunia la simenti lililokuwa karibu akakaa juu yake, suti ya benki na yote.

"Kwetu, mama," akasema taratibu, "mbuzi wa ntheo lazima aliwe siku hiyo hiyo, na pande zote mbili. Ukikula, msichana ni wako. Baba aliona mbuzi wenu, akashukuru Mungu, akachinja. Halafu ukainuka kabla nyama haijaiva. Kwetu hiyo ni kusema, huyu msichana simtaki. Ulisema mbele ya wazee wote wa kanisa la baba."

"Mimi?"

"Wewe."

Lori lilipita barabarani, vioo vya dirisha vikatetemeka, kisha kukatulia.

"Kwa hivyo," Wariara akasema, "baba yako alikuwa anachinja na furaha?"

"Aliimba akinoa kisu."

"Nilisikia akiimba! Nikasema, huyu mzee ni mbaya kabisa!"

Kicheko kilimtoka Ndila bila ruhusa, na mama naye mdomo ukamcheza, akaufunika kwa kiganja. Lakini hakikudumu. Wariara alishika tena miwani yake, akawa anaipangusa kwa pindo la leso.

"Hata hivyo," akasema. "Nisikudanganye. Hata kabla ya mbuzi nilikuwa na langu rohoni."

"Sema tu, mama."

"Hiyo kazi. Watu waliniambia ni disko ya wanawake. Niliomba juu yake."

"Si disko. Ni mazoezi. Nafundisha mama wa miaka sitini kuinuka kutoka chini bila kushika ukuta."

"Hiyo Muturi alinieleza. Nikamwuliza, akishaolewa atafunga? Akasema hajakuuliza na hatakuuliza."

Hapa Ndila angeweza kusema neno laini, neno la kupitisha siku. Alimpenda Muturi mpaka kifua kilimuuma, na mlango ulikuwa umefunguka ufa mdogo tu. Lakini hakujua kujenga kitu kwa uongo.

"Sitafunga, mama. Hata moja. Nitampenda Muturi na nitakuheshimu wewe, na asubuhi nitaamka niende kazi. Ni afadhali ujue leo kuliko ujue mwakani."

Wariara aliiinamia Biblia yake. Alipoinua macho yalikuwa na maji.

"Kwani nimesema ufunge? Hujanielewa. Una kumbi huko Kitui, si ndiyo? Mwanaume anafuata mwenye alimpenda. Muturi atakufuata. Wasichana wangu wameolewa Murang'a. Bwana wangu Evanson amelala pale nyuma ya kanisa. Mimi nitabaki na misumari na mabati." Akaonyesha duka kwa kidole. "Nikianguka huku nyuma ya hizi simiti, nani atajua? Watajua siku mtu anataka rangi akute mlango umefungwa."

Kumbe ni hilo. Wiki mbili Ndila alikuwa ameogopa koti jeusi na vifungo vyake, na ndani ya koti alikuwemo mama mmoja anayeogopa kuachwa peke yake. Roho ilimlainika. Akainuka, akaenda kwenye pikapu, akarudi na kiondo akakiweka juu ya kaunta.

"Hicho ni nini?"

"Fungu lenu la siku ile. Baba alikuwa amelikata, na hakuna mtu alikubaliwa kulila. Mama yangu alilikausha." Akafungua kitambaa. Harufu ya chumvi na moshi ikajaa dukani. "Amesema kama hamlitaki, mseme na mdomo wenu."

Wariara alivaa miwani. Akaitazama nyama ile, nyeusi, ngumu, imekatwa mapande marefu, na mtu aliyeikata hakuwa na haraka.

"Wiki mbili amenitunzia?"

"Wiki mbili."

"Na mimi nilimwacha hapo kwa mlango bila hata kumuaga." Akagusa pande moja. "Ukikula umekubali?"

"Ndiyo."

"Hata ikiwa imekauka?"

"Sidhani kuna mtu alishawahi kuuliza."

Mama akafungua mtoto wa meza, akatoa kisu cha kukatia kamba, akakipangusa vizuri kwenye aproni yake. Akakata kipande, akafumba macho akaomba kidogo, akatia mdomoni. Kisha akaanza kutafuna upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia hakuwa na meno.

Hivyo ndivyo Muturi alivyowakuta. Aliingia amejaa vumbi la saruji mpaka kwenye kope, akasimama mlangoni. Alikuwa ameona pikapu nje. Alikuwa amemwona kondoo, akajua kondoo huyo amekuja kufanya nini, na rangi ilikuwa imemtoka chini ya lile vumbi.

"Ndila."

"Muturi."

Muturi alikuwa amekonda, Ndila akaona. Shati lile lile la buluu, kola imejikunja upande mmoja kama siku zote, na mkono ukamwasha Ndila kutaka kuinyoosha. Muturi alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Umeleta kamba," akasema.

"Nilitumwa. Na wewe ulikuwa wapi? Jumamosi mbili!"

"Nilikuja siku ya pili tu. Baba yako akanikuta njiani. Akaniambia nisikanyage huko mpaka mnyama arudi kwetu, na kama namheshimu nitatii. Nikatii. Nilifikiri ukinitaka utatuma neno."

"Hakuniambia. Na mimi nilifikiri ukinitaka utakuja."

"Sasa tazama vile tumekonda," akasema Muturi.

Ndipo alipomwona mama yake vizuri. "Maitu, unakula nini?"

"Nyamaza kwanza. Natafuna."

Wakamngoja. Ilichukua muda wake, nyama ya wiki mbili haina haraka. Alipomeza, akanywa chai kutoka kwenye kifuniko cha chupa, akapangusa mdomo, na kumtazama mwanawe kama mtu aliyemaliza kazi.

"Nimekula," akasema. "Kula na wewe, tusiharibu tena. Halafu huyo kondoo ateremshwe akunywe maji na arudi kwa baba ya huyu msichana. Sishiki kamba ya mtu. Na mumwambie huyo mzee asimchinje. Mumwambie mara mbili."

Muturi alichukua kipande, lakini hakukiangalia. Alikuwa akimwangalia Ndila, macho yake yakang'aa kwenye uso wa saruji, na Ndila alihisi wiki mbili nzima zikimtoka begani. Hakujali suti wala kaunta iliyokuwa kati yao. Alinyoosha mkono akaweka sawa ile kola.

"Msumari wangu bado uko?" Muturi akauliza kwa sauti ya chini.

"Uko."

"Misumari gani?" Wariara akaingilia. "Hebu mnieleze. Muturi alisema hesabu ya misumari, sikuelewa."

Ndila akamweleza. Wanawake kumi na wawili, viondo kumi na viwili. Msumari ukikaa mtupu mara mbili, mwalimu anakwenda mpaka mlangoni. Alimweleza mguu wa Mama Musyoka. Alimweleza mama mmoja wa Tulia aliyekutwa ameanguka kisimani siku ya pili ya kukosa, na sasa hivi yuko mzima na anapiga kelele kuliko wote.

Wariara akainuka, akaenda kwenye boksi la misumari ya inchi tatu, akachagua. Aliuacha mmoja wenye kutu, akaacha mwingine uliopinda, akachukua wa tatu, akaja akauweka kwenye kiganja cha Ndila na kukifunga kwa mikono yake yote miwili.

"Huo ni wangu," akasema. "Popote utapiga, Salama ama huko kwenu. Lakini usiupige juu sana, mkono wangu haufiki." Hakukiachilia kiganja. "Na nikikosa mara mbili, mtakuja?"

Ndila alimtazama mama huyu, na machozi aliyoyazuia tangu Migwani yakateremka bila haya.

"Wewe, mama," akasema, "nitakuja ukikosa mara moja."